Spitfire hii ni toleo la ngapi? Kuzitambua ndege za kivita za zamani zikiwa angani

Swali: "Mdogo wangu anayeishi Liège alinitumia video ya sekunde 40 aliyoipiga kwenye maonyesho ya ndege za zamani. Yeye anasema ni Spitfire, toleo la tano. Mpwa wangu, ambaye anashinda kwenye simu akisoma habari za vita, anaapa kuwa ni toleo la kumi na nne. Mimi ninachoona ni ndege yenye ncha za mabawa zilizokatwa mraba, kioo cha rubani kilichovimba kama tone la maji, visanduku viwili vinavyolingana chini ya mabawa, na mistari myeupe na myeusi. Je, wataalamu wanalitambuaje toleo la ndege inayopita kwa kasi namna hiyo, au wanalisoma tu kwenye karatasi?" Mwalimu wa hesabu, Katuba, Lubumbashi.

Mwalimu, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, maana ina ukweli mwingi kuliko pengine ulivyokusudia. Wengi wanaotaja toleo la ndege kwa sauti kubwa uwanjani wameshalisoma kwenye karatasi ya ratiba kabla ndege haijapaa, na kufanya hivyo si aibu. Hata hivyo inawezekana kabisa kulitambua bila karatasi, tena kwa video ya simu, mradi ujue pa kutazama na, zaidi ya hapo, ujue kwa nini sehemu hiyo ilibadilika. Nilifanya kazi ya ufundi wa ndege pale Luano kwa miaka mingi, na nililojifunza huko ndilo ninalolitumia hata kwa ndege hizi ambazo mikono yangu haikuwahi kuzishika: mhandisi habadilishi umbo la ndege kwa kupenda. Analibadilisha kwa sababu injini mpya ina joto zaidi na inataka kupozwa, au inataka hewa nyingi zaidi, au marubani wamelalamika kwamba hawaoni nyuma yao. Kwa hiyo anayetaka kujua toleo na aangalie mahali ndege inapovutia pumzi, inapopozea maji na mafuta yake, inapotemea moshi, na mahali rubani anapochungulia. Rangi iwe ya mwisho kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu naona mistari ile myeupe na myeusi imewapa ninyi watatu imani kubwa. Mistari hiyo ilipakwa kwenye maelfu ya ndege za majeshi ya muungano mwanzoni mwa Juni 1944, kabla ya kutua Normandie, ili askari wa nchi kavu na wa meli wasizitungue ndege za upande wao wenyewe. Ilipakwa kwenye ndege za kila aina na kila toleo, na leo mwenye ndege iliyokarabatiwa anaweza kuipaka akipenda, hata kama ndege yake ilitoka kiwandani vita vikiwa vimekwisha. Kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza, chenye makao Coningsby, kina desturi ya kubadilisha rangi za ndege zake zinapotoka kwenye matengenezo makubwa, hata ndege moja ikavaa leo alama za rubani fulani na baada ya miaka michache za mwingine. Basi dogo la Katuba likipakwa rangi mpya na kuandikwa jina jipya kiooni, fundi wa kando ya barabara halitazami jina. Anasikiliza, anainama, anatazama chini.

Nasi tutazame chini. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, ikaendelea kutengenezwa hadi baada ya vita, zikatoka zaidi ya 20,000 na namba za matoleo zikafika 24. Usiogope hesabu hiyo, kwa sababu zinazoruka leo nyingi zinaangukia katika makundi machache, na kundi la kwanza na la pili yanatenganishwa na kitu kimoja kilichoko chini ya bawa la kushoto.

Toleo la tano, Mk V, na ndugu zake waliolitangulia, wanapoza maji ya injini kwa rejeta moja tu, iliyomo katika kisanduku kirefu cha pembe nne chini ya bawa la kulia. Chini ya bawa la kushoto kuna kipozeo kidogo cha mafuta, chembamba, cha mviringo. Ndege ikigeuka na kukuonyesha tumbo lake, unaona mara moja kwamba mabawa hayabebi mzigo sawa: kulia kisanduku, kushoto kama kopo. Mwishoni mwa mwaka 1941 marubani wa Uingereza walianza kukutana na ndege mpya ya Kijerumani, Focke-Wulf 190, iliyowazidi karibu kwa kila kitu isipokuwa kukata kona, na jibu la haraka lilikuwa kuichukua Mk V na kuipachika injini ya Merlin yenye mtambo wa kushindilia hewa wa hatua mbili. Sasa hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi mwa mtoto anayejaza tairi, na hewa yenye moto haifai kuingia katika silinda. Ilibidi nayo ipozwe kabla ya kuingia, na kipozeo hicho kilihitaji rejeta yake. Ndiyo maana toleo la tisa, Mk IX, lililoingia vitani katikati ya mwaka 1942, lina visanduku viwili vinavyolingana, kimoja chini ya kila bawa.

Hapo tayari mdogo wako ameshindwa, Mwalimu. Wewe mwenyewe umeandika "visanduku viwili vinavyolingana". Hiyo si Mk V.

Dalili nyingine za Mk IX zinafuata sababu ileile. Pua ni ndefu kidogo kuliko ya Mk V kwa sababu injini imerefuka. Mabomba ya moshi kwa kawaida ni sita kila upande, bomba moja kwa kila silinda, ilhali Mk V kwa kawaida huwa na matatu, kila moja likitemea moshi wa silinda mbili. Pangaboi, au elisi kama tunavyosema hapa kwetu, lina mapanga manne badala ya matatu, maana nguvu iliyoongezeka lazima ipate mahali pa kuishika hewa.

Kuhusu mapanga hayo lazima niseme jambo kwa urefu, kwa sababu ndipo mpwa wako alipopotea, nadhani, na wewe kama mtu wa hesabu utalifurahia. Haiwezekani kuyahesabu mapanga katika video ya simu wakati ndege inaruka. Tuseme pangaboi linazunguka mara 15 kwa sekunde, jambo la kawaida kwa ndege kubwa za aina hii zikitembea kwa utulivu, na simu inapiga picha 30 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata, pangaboi limefanya nusu mzunguko kamili. Likiwa na mapanga manne, nusu mzunguko ni nafasi mbili kamili za panga, kwa hiyo kila panga linakuta mahali palipokuwa na mwenzake, na jicho linaona pangaboi lililosimama tuli angani. Likiwa na matatu, nusu mzunguko ni nafasi moja na nusu. Panga linatua katikati ya mahali pa mawili ya mwanzo, na jicho linalochanganya picha hizo mbili linaona mapanga sita. Likiwa na matano, utaona kumi. Ukipunguza mwendo kidogo tu, lile la manne litaanza kurudi nyuma polepole. Isitoshe, simu nyingi hazipigi picha nzima kwa mara moja bali husoma mstari baada ya mstari, na panga linalokimbia wakati mistari inasomwa hutoka limepinda kama ndizi, au limekatika vipande. Mapanga yahesabiwe ndege ikiwa imeegeshwa au injini inapowashwa, basi.

Kwa sababu hiyohiyo usiamini upande ambao pangaboi linaonekana kuzungukia katika video. Nasikitika, kwa sababu upande wa mzunguko ni mojawapo ya alama bora kabisa za kutenganisha Spitfire za injini ya Merlin na za injini ya Griffon. Merlin, yenye ujazo wa lita 27, inazungusha pangaboi kufuata saa ukiangalia kutoka kiti cha rubani. Griffon, yenye lita karibu 37, inazungusha kinyume. Marubani waliozoea Merlin walikuwa wakishtuka siku ya kwanza ya Griffon, kwa maana wakati wa kupaa ndege ilivutia upande ambao mguu wao haukuutarajia. Ukitaka kuitumia alama hii, tafuta picha ya ndege imesimama, uangalie panga limesokotwa kuelekea wapi. Tena hakikisha picha haijageuzwa kama kwenye kioo, jambo ambalo watu wa mitandao hulifanya mara nyingi bila kufikiri: herufi za ubavuni zikisomeka kinyumenyume, basi na pangaboi lake limegeuzwa.

Griffon ndiyo injini ya toleo la kumi na nne, Mk XIV, analoliapia mpwa wako. Injini hiyo ni pana juu kuliko nafasi iliyokuwepo, kwa hiyo kifuniko cha pua kina vivimbe viwili virefu vya sambamba, kimoja juu ya kila safu ya silinda, na ukiitazama ndege kwa ubavu unaona mgongo wa pua umeinuka na pua yenyewe imekuwa ndefu kiasi cha kuifanya ndege ionekane kama mtu aliyenyoosha shingo. Pua ndefu ilidai mkia mkubwa zaidi wa kuisawazisha, kwa hiyo pezi na usukani wa mkia vilipanuliwa. Pangaboi lina mapanga matano. Visanduku vya chini ni viwili, kama vya Mk IX lakini vikubwa zaidi, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. Basi kati ya Mk IX na Mk XIV usitazame tumbo. Tazama ubavu na uulize kama mstari wa juu ya pua ni laini au una uvimbe.

Yuko na ndugu wa karibu wa Mk XIV, toleo la kumi na tisa, lililojengwa kwa kupiga picha tu. Halina silaha hata moja, kwa hiyo ukingo wa mbele wa mabawa yake ni msafi, hakuna kijiti cha mzinga kinachotokeza, na kioo cha mbele ya rubani kimepindwa kwa ulaini bila bamba la kuzuia risasi. Matatu ya toleo hili ndiyo yaliyokianzisha kile kikosi cha kumbukumbu mwaka 1957, pamoja na Hurricane moja, ndege nyingine ya kivita ya Kiingereza. Moja kati ya hayo, PS915, ilirudishwa angani ikiwa na injini ya Griffon iliyotoka kwenye ndege kubwa ya doria, Shackleton, hata hivyo tunaendelea kuiita toleo la kumi na tisa.

Sasa ncha za mabawa. Watu wengi wakiona zimekatwa mraba hutamka herufi mbili, LF, kana kwamba wamesoma cheti cha kuzaliwa. Ni kosa. Herufi hizo zinahusu injini iliyorekebishwa itoe nguvu zake karibu na ardhi, si umbo la bawa. Ncha ya Spitfire ni kipande kinachotolewa: fundi anaweza kuiondoa ile ya mviringo na kuziba kwa kipande kifupi, ndege ikapata wepesi wa kujiviringisha ikiwa chini, na akairudisha wiki inayofuata. Nimeona ndege moja katika picha za miaka miwili tofauti ikiwa na ncha za aina mbili. Kwa hiyo ncha za mraba katika video yako zinakuambia jinsi mwenye ndege alivyoamua, hazikuambii toleo.

Kioo kina maana zaidi. Spitfire nyingi zina mgongo uliopanda nyuma ya kichwa cha rubani mpaka kwenye kioo chake. Mwishoni mwa vita mgongo huo ulikatwa chini na kioo kikawa kama tone, rubani akaona nyuma yake bila kupinda shingo. Mabadiliko hayo yalifanywa kwenye Mk IX za mwisho, kwenye Mk XIV za mwisho, na kwenye toleo la kumi na sita nitakalolirudia. Lakini chunga: zipo Spitfire zilizowekewa viti viwili, kwa mafunzo na siku hizi kwa kupandisha abiria wanaolipa, na kwa mbali kioo cha pili nyuma ya cha kwanza kinaweza kumdanganya mtu.

Hurricane sitaikalia sana. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1935, ina injini ileile ya Merlin na sauti ileile, lakini bawa lake ni nene, mgongo una nundu, na rejeta yake ni moja tu, katikati ya tumbo. Ukiona mizinga minne ikitokeza mbele ya mabawa, ni toleo la pili C; ukiona ndoano chini ya mkia, ilijengwa au ilibadilishwa kwa ajili ya kutua juu ya meli.

Ndege iliyowahi kuniaibisha ni ya Kijerumani, au niseme ya Kihispania, maana aibu yenyewe ilitoka hapo. Miaka mingi iliyopita mwenzangu wa karakana alinionyesha picha ya ndege yenye misalaba myeusi ikipita chini juu ya uwanja, nikamjibu bila kusita: Messerschmitt 109, toleo la E, nikataja na ncha zake za mraba na nguzo zinazoshikilia mkia. Alicheka, akaniambia nitazame bomba za moshi. Injini ya Daimler-Benz ya Messerschmitt imefungwa ikiwa imepinduliwa, silinda zikitazama ardhini, kwa hiyo moshi unatoka chini, karibu na usawa wa mbele ya bawa. Katika picha ile moshi ulikuwa unatoka juu, karibu na kioo. Ilikuwa Buchón, yaani mwili wa Messerschmitt uliotengenezwa Hispania kwa leseni, nchi ambayo vita vilipokwisha haikuwa na injini za Kijerumani za kufunga, ikaishia kununua Merlin za Kiingereza. Merlin inasimama wima, silinda juu, ndiyo maana moshi uko juu; chini yake pakahitajika nafasi ya kuvutia hewa, ndiyo maana ndege hiyo ina kidevu kizito, na pangaboi lake ni la mapanga manne. Na hapa kuna mzaha wa historia ambao mafundi wanaupenda: Messerschmitt ya kwanza kabisa, mwaka 1935, iliruka kwa injini ya Rolls-Royce kwa sababu ya Kijerumani haikuwa tayari, na ya mwisho nayo ikaruka kwa Rolls-Royce.

Ncha za mraba na nguzo za mkia zilizonidanganya mimi zilikuwa za sinema. Ni kweli kwamba toleo la E lina ncha za mraba na nguzo chini ya mkia, na kwamba kuanzia toleo la F ncha zikawa za mviringo na nguzo zikaondolewa. Lakini mwaka 1968, filamu kuhusu vita vya angani vya 1940 ilipokuwa ikipigwa, Buchón nyingi zilitumiwa kuigiza toleo la E, zikakatwa ncha na kubandikwa nguzo za uongo. Zaidi ya hapo, baadhi ya Buchón zimefungwa injini za Daimler-Benz na kufanywa upya kuwa toleo la G, na ukiziona zinapita huna haki ya kusema ni bandia, kwa kuwa mwili wake ulitokana na toleo hilohilo. Toleo la G lenyewe, kuanzia lile la sita, lina vivimbe viwili vya duara mbele ya kioo cha rubani, kwa sababu bunduki za milimita 13 zilizochukua nafasi ya zile ndogo hazikuenea chini ya kifuniko.

Kwa Mustang ya Wamarekani, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1940, swali la kwanza ni hewa inaingilia wapi. Za mwanzo zina injini ya Allison, tundu la hewa liko juu ya pua na mapanga ni matatu. Zilipopewa Merlin iliyotengenezwa Marekani na kiwanda cha Packard, tundu likashuka chini ya pangaboi, na mapanga yakawa manne. Kisha tazama mgongo: P-51B na P-51C zina mgongo uliopanda na kioo chenye fremu nyingi, ilhali P-51D, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote angani leo, ina kioo cha tone na bunduki tatu kila bawa. Tofauti kati ya B na C usiisumbukie, maana haionekani: B zilitoka kiwanda cha California na C kiwanda cha Texas, ndege ni ileile. Kumbuka neno hili, nitalihitaji nikirudi kwenye video yako.

Corsair kila mtu anaijua kwa mabawa yake yaliyopinda kama herufi W ukiitazama kwa mbele. Zile za wakati wa vita nyingi zina mapanga matatu. F4U-4 ina manne na mdomo wa hewa chini ya kifuniko cha injini. F4U-5, ya baada ya vita, ina mashavu mawili badala ya mdomo mmoja. Wafaransa walijengewa toleo lao peke yao, F4U-7, walilolirusha kutoka kwenye meli zao hadi mwaka 1964, na linalofanana kwa mdomo na F4U-4. Curtiss P-40, ile inayochorwa meno ya papa, ina tundu la hewa juu ya pua ikiwa ni ya Allison na haina ikiwa ni ya Merlin. Naitaja hasa kwa sababu kikosi cha 349, cha Wabelgiji ndani ya jeshi la anga la Uingereza, kiliundwa hapa Afrika, Ikeja karibu na Lagos, mwishoni mwa 1942, kikiwa na Tomahawk za ukoo huo, kabla ya kuhamia Uingereza na kupewa Spitfire.

Na kwa kuwa tuko Katanga, ipo ndege moja ya enzi hiyo ambayo wazee wetu waliijua bila video. Ni Harvard, ya mafunzo, ambayo Wabelgiji waliitumia Kamina katika miaka ya 1950 kufundishia marubani, na ambayo baadaye ilikuwa miongoni mwa ndege za Katanga iliyojitenga. Baba yangu, aliyefanya kazi kwenye kambi ile, alikuwa anaigiza mlio wake mezani mpaka mama anamkataza. Mlio ule wa kupasua masikio hautoki kwenye injini. Unatoka kwenye ncha za mapanga, ambazo zinakaribia mwendo wa sauti kwa sababu pangaboi limefungwa moja kwa moja kwenye injini bila gia za kulipunguza. Harvard inastahili nafasi katika jibu hili kwa sababu katika sinema na maonyesho ya Marekani huvalishwa rangi za Kijapani na kuitwa Zero. Ukisikia Zero inapiga mayowe ya namna hiyo, na ukaona mabawa yaliyorudi nyuma kwa mbele lakini yaliyonyooka kwa nyuma, ujue ni mwalimu wa zamani wa Kamina amevaa nguo za watu.

Kuna pia ndege zinazoonekana za vita lakini zilizaliwa baada ya mwaka 1990. Urusi ilijenga upya Yak za kivita zikiwa na injini za Allison, Ujerumani kikajengwa kikundi cha Focke-Wulf 190 zenye injini za nyota za asili ya Kirusi, na Messerschmitt 262 zikatengenezwa upya kwa injini za Kimarekani. Hizi jicho peke yake halitoshi. Na hata zile za kweli nyingi zimejengwa juu ya mabaki, mbavu mpya kwa za zamani, hata kinachobaki cha asili wakati mwingine ni kidogo kuliko cheti kinavyoonyesha. Kwa maoni yangu hakuna ubaya. Ndege za abiria tulizozihudumia Luano nazo zilibadilishwa sehemu mpaka hakuna aliyekumbuka kipi kilitoka kiwandani. Ubaya ni kulitangaza toleo kwa uhakika kuliko ushahidi ulionao.

Basi turudi Liège. Visanduku viwili sawa vimeiondoa Mk V. Kwa Mk XIV, simamisha video mahali ndege inapopita ubavu na uangalie mstari wa juu ya pua kutoka kioo hadi pangaboi. Ukiuona laini, bila vivimbe viwili, basi na mpwa wako ameshindwa, na kinachobaki ni Spitfire ya Merlin yenye mgongo uliokatwa na kioo cha tone: ni Mk IX ya mwisho, au ni Mk XVI. Ukiona uvimbe, mwombe radhi mtoto, kwa sababu Mk XIV za mwisho nazo zilikatwa mgongo na baadhi zilikatwa ncha, na jeshi la Ubelgiji baada ya vita lilikuwa nazo, kwa hiyo si ajabu kuonekana huko.

Nikisema "ni Mk IX au Mk XVI" utaniuliza ni ipi kati ya hizo mbili, na jibu ni lile la Mustang B na C. Toleo la kumi na sita ni Mk IX iliyofungwa Merlin iliyotengenezwa na Packard kule Detroit badala ya ile ya Rolls-Royce, ikapewa namba tofauti ili mafundi wasichanganye vipuri, kwa maana vifaa vya injini hizo mbili havikubadilishana vyote. Kwa nje hazina tofauti. Mk IX nyingi zina mgongo wa juu na Mk XVI nyingi zinazoruka leo zina mgongo wa chini, lakini zote mbili zilitengenezwa kwa namna zote mbili, kwa hiyo uwingi huo ni wa kukisia tu.

Hapo ndipo karatasi, ambayo ulidhani ni ujanja wa wataalamu, inapokuwa njia pekee. Mwambie mdogo wako atafute katika simu yake picha yoyote ya ndege hiyo ikiwa imeegeshwa, aikuze sehemu ya nyuma ya ubavu, karibu na mkia, asome herufi mbili na tarakimu tatu zilizoandikwa hapo, kama vile TE311, ambayo ni Mk XVI ya kile kikosi cha Coningsby. Kwa kawaida namba hiyo hubaki ya ndege yenyewe hata rangi zikibadilika, ingawa wapo wanaopaka namba ya ndege nyingine wanayoiigiza, kwa hiyo asome pia herufi ndogo za usajili wa kiraia zikiwepo. Akiipata, nitumie zote mbili.